Kidole Kwenye Sabuni ya Chemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umeukalia mlima Loleza, na mitaa ya Uhindini jijini Mbeya inaonekana nusu tu, kama picha ambayo mtu alianza kuifuta akaghairi. Mwanamke mwenye sweta la bluu na ushungi mweupe anafungua kufuli la mlango wa pembeni wa ukumbi, anavua viatu, anaingia kwa soksi.

Hawashi taa. Anasema mwanga wa asubuhi unatosha, na kwamba taa huvifanya vitu vilivyomo kabatini vionekane kama vya dukani.

Kabati lenyewe limeshika ukuta mzima. Ni la mninga, lina milango minne ya vioo. Anafungua mlango wa kwanza, anasubiri kidogo harufu itoke: kahawa, ngozi, ubao, na kitu kingine cha mbali kama moshi. Kisha anaanza kufuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, akitaja majina kwa sauti ya chini.

"Abdulkarim," anasema, akifuta kipande cha kitenge kilichokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Iqbal." Hiyo ni bawaba ya mlango. "Baba Anord." Kipande cha ubao wa msindano kutoka Mafinga, urefu wa kiganja.

Anapofika kwenye mche wa sabuni wenye alama ya kidole gumba pembeni, hatamki jina. Anaufuta haraka, anaurudisha mahali pake, anapita.

Jina lake ni Mwanakhamisi Selemani, mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa Majengo. Wafanyabiashara wote wa jiji humwita Bi Mwana. Ni mhudumu wa ofisi wa chemba kongwe ya wafanyabiashara wa Mbeya, ambayo wanachama wenyewe huiita Chemba tu. Ameifanya kazi hiyo tangu mwaka 1992, alipoanza kwa mshahara wa shilingi elfu tano. Leo analipwa shilingi 290,000 kwa mwezi, na mwezi Juni anastaafu.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, siku ya kuita kabati. Ni mara yake ya thelathini na tatu, na ya mwisho.

"Usingizini huwa naliona kabati limefunguka lenyewe," anasema. "Vitu vinashuka, kila kimoja kinakwenda kwa mwenyewe. Bawaba inapanda kwa Mzee Iqbal. Ubao unaelekea Mafinga. Sabuni inabaki imesimama katikati ya ukumbi, haijui iende kwa nani."

Ili kuelewa kwa nini sabuni ile haina pa kwenda, lazima kwanza kulielewa kabati.

Mzee Iqbal, mwenye miaka 81, muuza vifaa vya ujenzi, ndiye pekee aliye hai kati ya waanzilishi kumi na mmoja wa Chemba. Siku kama ya leo hufika saa mbili, saa nzima kabla ya wengine, akaketi kwenye kiti kilichoko karibu na kabati.

Anasimulia kwamba kikao cha kwanza kilifanyika Julai 1989, nyuma ya duka lake. Watu walikuwa tayari kuungana, ila hakuna aliyekuwa tayari kuandika jina.

"Kalamu ilizunguka meza nzima, ikarudi kwangu," anasema. "Nani aandike? Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka themanini na tatu ulikuwa bado uko machoni. Mtu akishaandikwa kwenye karatasi, karatasi inaweza kumfuata nyumbani."

Ndipo Abdulkarim, muuza vitambaa ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa kwanza, akasema kalamu iwekwe chini. Kila mtu aweke mezani kile anachouza. Akachomoa kipande cha kitenge mfukoni, akakitandika. Wengine wakafuata. Meza ikajaa: punje za kahawa kwenye chupa, kengele ya baiskeli, mchele kwenye kopo, kiatu cha mtoto cha mguu mmoja ili asitokee wa kukiiba.

"Mimi nilikwenda dukani mbele nikachukua bawaba," anasema Mzee Iqbal. "Nzuri, ya shaba."

"Ya bati," anasema Bi Mwana kutoka mlangoni, bila kugeuka.

"Ya shaba!"

"Haya, mzee wangu. Ya shaba."

Vitu vile kumi na kimoja ndivyo vilivyokuwa daftari la wanachama. Mihtasari ya vikao vya miaka sita ya mwanzo haipo, haikuandikwa. Kilichobaki ni kabati, na desturi yake. Kila anayejiunga huleta kitu kimoja cha biashara yake, na kila Februari mwenyekiti husimama akaita vitu, si watu. Mwenye kitu hukaribia, hukigusa, husema "Nipo." Akiwa amefariki, mtoto au mjukuu husema "Tupo." Na kama hakuna wa kujibu kabisa, mhudumu wa ofisi, kwa niaba ya Chemba, husema "Alikuwepo."

Leo kabatini mna vitu 143. Kuna kipande cha waya wa intaneti, kuna chupa ya asali, kuna paneli ndogo ya sola. Mwenye kampuni ya malori alileta picha ya lori ikakataliwa. Akarudi na kifuniko cha matairi yake, kikapokelewa.

Bi Mwana hakuyajua haya alipoajiriwa. Babu yake alipanda kutoka Kilwa akiwa mpagazi wa mfanyabiashara wa vitambaa, akaishia Mbeya kwa sababu aliipenda baridi. Mama yake alikaanga vitumbua. Yeye alimaliza darasa la saba, akaolewa na dereva wa malori ya Zambia, akazaa watoto wawili. Mume alifariki mwaka 2006, na watoto wote wawili wamesomeshwa na mshahara wa kufuta vumbi.

"Niliambiwa: piga deki, pika chai, futa meza," anasema. "Kabati nililiona kama kabati. Hakuna aliyenieleza."

Alhamisi moja ya Februari 1993 mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kesho yake ulikuwa unakuja ugeni wa wafanyabiashara kutoka Zambia, na ukumbi ulikuwa umejaa matope mekundu. Sabuni ilikuwa imekwisha. Katibu alikuwa safarini na ufunguo wa sanduku la fedha.

Kabatini, rafu ya pili, palikuwa na mche wa sabuni, mkavu, mzito, wa rangi ya udongo.

"Kwetu sabuni haikai kabatini kwa kutazamwa," anasema. "Nimekua miaka ya shida. Mama alikuwa anakata mche kwa uzi, kipande kimoja wiki nzima. Nikasema moyoni, ofisi tajiri hii, inaweka sabuni ya deki kwenye mninga."

Akaichukua. Aliiona alama ya kidole gumba imezama pembeni, chini kushoto, akadhani ni mtu aliishika ilipokuwa mbichi. Ilitoa povu jingi ajabu. Ilinukia mawese na moshi. Mpaka jioni sakafu ilikuwa inang'aa, na mche umekwisha.

Ijumaa, wageni walipokwisha kuondoka, katibu alikaa kuandaa orodha ya kuita kabati kesho yake. Bi Mwana alikuwa jikoni akiosha vikombe. Akamsikia akisoma: "Kitenge, Abdulkarim. Bawaba, Iqbal. Sabuni, Joachim."

Kikombe kikamponyoka.

Joachim alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, Mhehe wa Kalenga aliyehamia Mbeya. Wakati wa uhaba aliuza sabuni ya kupikwa kwenye pipa, kwa mawese ya Kyela na majivu ya maganda ya ndizi. Hakuwa na kiwanda wala muhuri. Kidole kile kilikuwa ndiyo alama ya biashara, na siku ya kikao cha kwanza wenzake walikipenda kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

Binti wa miaka ishirini na mitano, mwenye ajira ya mwaka mmoja na mtoto mgongoni, alikwenda soko la Sokomatola mbio. Akanunua mche wa sabuni, akaukata, akalikwangua jina la kiwanda kwa kisu. Akaushikilia juu ya jiko la mkaa mpaka ukaiva rangi. Ulipolainika, akakumbuka mahali: pembeni, chini kushoto.

Akabonyeza kidole chake.

Siku ya pili Joachim alikuja. Sabuni ilipoitwa, alikaribia, akaichukua, akaigeuza. Akaileta puani. Akakitazama kile kidole muda mrefu, kisha akainua macho, na macho yake yakakutana na ya mhudumu aliyesimama mlangoni na kitambaa.

"Nipo," akasema, akairudisha.

"Nilijua amejua," anasema Bi Mwana. "Mpika sabuni atasahauje harufu ya sabuni yake? Nikasema, huyu mzee kanisitiri. Na kila mwaka alifanya vilevile. Anageuza, anatazama, ananiangalia, anasema 'Nipo.' Nilikuwa namchagulia kikombe kisicho na ufa."

Joachim alikuja mara tano. Baada ya mwaka 1997 hakuonekana tena. Ikasemekana amerudi Iringa na anaumwa. Tangu hapo, kila Februari, aliyejibia sabuni ni Bi Mwana mwenyewe.

"Nasema 'Alikuwepo,' na kidole changu kinanitazama."

Hayo angeweza kustaafu nayo. Lakini mwaka jana Chemba ilitimiza miaka thelathini na mitano, na Samwel, katibu mtendaji, kijana wa Tukuyu mwenye miaka 36, akapewa kazi ya kuandika kitabu cha historia yake. Kwa kuwa mihtasari haipo, aliamua historia ianzie kabatini. Miezi mitatu alikaa na Bi Mwana, kitu baada ya kitu, akiandika anayoambiwa: nani alileta, biashara yake ilikuwa wapi, alifungaje duka, watoto wake wako wapi.

"Kitabu hiki ni chake," anasema Samwel. "Mimi ni mwandishi wa mkono tu. Ndaga fijo, asante sana, mama huyu."

Walipofika kwenye sabuni, Bi Mwana alisema chai inapoa.

Lakini Samwel alikuwa ameshaiona. Aliipiga picha karibu karibu, mpaka mistari ya kidole ikaonekana kama matuta ya shamba. Alirudi na kompyuta mikononi, uso unang'aa.

"Tazama, Bi Mwana. Hili ndilo jalada. Mtu hana karatasi, hana muhuri, anagonga kidole. Nimeandika hapa chini: Kidole cha Mwanzilishi. Hii ndiyo historia yetu yenyewe!"

Wiki hiyo Bi Mwana alipika chai bila majani mara mbili. Wanachama wakanywa maji ya moto yenye sukari, wakanyamaza kwa heshima.

Kitabu kilikuwa kiende mtamboni Jumatatu baada ya siku ya kuita kabati. Alikuwa na mwezi mmoja kuchagua. Akinyamaza, kidole chake kitachapwa nakala elfu moja kwa jina la mtu mwingine, na vijana watakisoma kama ukweli. Akisema, ataondoka kazini miezi michache baadaye akiwa mhudumu aliyeiharibu historia kwa maji ya deki.

Alimuuliza Anord, mwanachama wa mbao wa Mafinga, kama anazo habari za Joachim. Anord akajibu kwamba mzee alifariki zamani, ila mjane wake yupo Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nyuma ya gereji, na bado anauza sabuni.

Bi Mwana akaomba ruhusa ya siku mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula shilingi elfu hamsini.

Anaikumbuka safari ile kama mtu anayesimulia kitu alichokiona kwenye maji. Misindano ya Sao Hill ikipita dirishani safu kwa safu, mirefu, imenyooka, kama watu waliosimama foleni bila kuzungumza. Aliposhuka Ipogolo, malori yakivuma barabarani, hakuwa na haja ya kuuliza njia.

"Niliisikia harufu," anasema. "Ileile. Mawese na moshi. Nikaiona sakafu ya mwaka tisini na tatu mbele yangu, imelowa, inang'aa. Miguu ikanipeleka yenyewe."

Nyuma ya gereji palikuwa na pipa juu ya mafiga, na bibi mwembamba wa miaka 76 akikoroga kwa mti mrefu. Huyo ni Blandina.

"Kamwene," Bi Mwana alimsalimu kwa Kihehe alichokijua.

"Kamwene, karibu. Ndogo elfu moja, kubwa elfu mbili."

"Sikuja kununua, mama."

"Basi hamia upande wa huku. Moshi nao ni wa wateja."

Bi Mwana alisema yote, amesimama, mkoba mkononi. Blandina hakuacha kukoroga.

"Kwa hiyo sabuni ile uliipigia deki?"

"Niliipigia deki."

"Ilitakata?"

"Ilitakata, mama. Sakafu ile haijang'aa tena vile."

"Nilijua tu," alisema Blandina, na uso wake ukafunguka kwa raha. "Waliiweka kwenye kioo kama maiti ya askofu. Angalau wewe uliifanyia kazi yake."

Bi Mwana akauliza lile alilolibeba miaka yote: kwa nini Joachim alimsitiri?

"Akusitiri nini? Joachim hakuwa na pua, mwanangu. Ugoro miaka arobaini! Ungempa sabuni na samli asingejua ipi ya kuogea."

"Mbona alikuwa ananusa? Mbona aliniangalia?"

Ndipo Blandina akauegemeza mti kwenye pipa. Akafuta mkono kwenye kanga, akanyoosha kidole gumba. Kilikuwa kipana, kimebonyea, na kovu limekikata katikati.

"Hiki ndicho kilichogongwa," alisema. "Mpishi ni mimi. Yeye alibeba akauza, na kuuza alijua, Mungu amrehemu. Siku ile ya kwanza wenzake wakamuuliza, kidole cha nani hiki kizuri? Akaona haya kusema cha mke wangu. Akasema changu. Basi! Kila mwaka ikikaribia Februari anakikagua kidole chake. Ananiambia, Blandina, ipo siku watanishika mkono walinganishe. Anajifanya kunusa, anajifanya kutazama. Anakuangalia wewe kwa sababu wewe ndiye unayeifuta. Alidhani wewe umemjua yeye!"

Wanawake hao wawili walicheka mpaka fundi wa gereji akachungulia juu ya ukuta.

"Nilikuwa nimebeba mzigo wangu miaka thelathini na miwili," anasema Bi Mwana. "Nimefika kuutua, nakuta pembeni kuna wa mtu mwingine, umekaa pale kabla ya wangu."

Kabla ya kuondoka aliuliza awaambie nini wanachama.

"Cha kwako sema cha kwako," alijibu Blandina. "Changu nitakuja kusema mwenyewe. Siku hiyo ya kabati ni lini?"

Ndiyo leo. Saa tatu kamili asubuhi, ukumbi una watu kama sitini. Ukungu umepanda, jua limeingia kwa madirisha ya mashariki na kulala juu ya vioo vya kabati. Ukutani kumetundikwa bango la jalada la kitabu, na juu yake kidole, kikubwa kama mlango.

Blandina hayupo. Simu yake haipatikani.

Mwenyekiti, Bi Ruwaida, muuza vitambaa na mjukuu wa Abdulkarim, anasimama mbele ya kabati.

"Kitenge!" anaita, kisha anakigusa mwenyewe. "Tupo."

Watu wanacheka, kila mwaka hucheka hapo.

"Bawaba!"

"Nipo," anasema Mzee Iqbal, anasimama kwa taabu, anaigusa na kuketi haraka kuliko alivyosimama.

"Ubao!" Anord anasema "Tupo" kwa ajili ya baba yake. "Kiatu!" Kimya. Kila mtu anakitazama kile kiatu kidogo cha mguu mmoja.

"Alikuwepo," anasema Bi Mwana kutoka mlangoni.

"Sabuni!"

Ukumbi unasubiri neno ulilolizoea. Bi Mwana ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Anatazama mlango wa nje, anatazama bango.

"Kidole hicho ni changu," anasema.

"Umesemaje, Bi Mwana?"

"Hicho kwenye picha. Ni changu mimi. Sabuni ya Joachim niliipigia deki."

Analieleza jambo lote kwa sentensi saba au nane, bila kulia na bila kujitetea. Anafika kwenye kabati, anauchukua mche, anaweka kidole gumba mahali pake. Kimenenepa kidogo kwa umri, lakini kinaingia.

Samwel anaketi. Mtu wa nyuma anaguna. Anord ndiye wa kwanza kusimama.

"Sasa kabati hili lina nini cha kweli?" anauliza. "Ubao wetu ni uleule aliouleta marehemu baba. Haujaguswa. Leo tunaambiwa sabuni ni ya dukani? Na vingine je?"

Kisha Mzee Iqbal anakohoa.

"Bawaba," anasema.

"Imefanyaje, mzee?"

"Ya shaba niliichukua mwaka elfu mbili na nne. Alikuja mteja, amebakiza mlango mmoja, dukani zimekwisha. Nikaweka hii ya bati. Nilikuwa nirudishe."

Ukumbi unalipuka kwa kicheko. Bi Mwana anamtazama.

"Miaka ishirini na moja unanibishia, mzee wangu?"

"Ilikuwa ya shaba," anasema Mzee Iqbal, amejikunyata. "Sikusema uongo. Nilisema *ilikuwa*."

Anord hacheki. Bi Ruwaida pia hacheki. "Ungeniambia wiki iliyopita, Bi Mwana," anasema polepole, "nisingelilipia bango hilo. Tumalize kuita. Ya sabuni tutayazungumza baada ya chai." Anaendelea kuita, kuanzia chupa ya kahawa mpaka kitu cha 143, na Bi Mwana anajibu "Alikuwepo" mara thelathini na nane.

Saa tano, watu wakiwa na vikombe mikononi, mlango unasukumwa. Anaingia bibi mwembamba mwenye beseni lililofunikwa kanga.

"Basi letu lilikaa Makambako kama limeoa pale," anasema kwa ukumbi mzima. "Mmekwisha kula?"

Anapewa chai na kitumbua. Bi Mwana anamtambulisha, na Blandina, akitafuna, anaeleza la mume wake kwa maneno machache kuliko aliyoyatumia Ipogolo. Anaonyesha kidole chenye kovu. Kisha anafunua beseni, anatoa mche mmoja wa rangi ya udongo, na alama ile ile imezama pembeni, chini kushoto, na kovu ndani yake.

"Mzee Iqbal," Bi Ruwaida anauliza kwa sauti ya chini, "ndiyo hii?"

Mzee Iqbal anaivuta karibu na macho. "Lile kovu," anasema. "Tulidhani ni ufa wa sabuni."

Kabati halijawahi kufunguliwa mara mbili siku moja. Bi Ruwaida anamwomba Bi Mwana ufunguo, analifungua, anasimama wima kama asubuhi.

"Sabuni!"

"Joachim alikuwepo," anasema Blandina, mdomo bado una kitumbua. "Mimi nipo."

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mafupi. Wanachama walikubaliana kitabu kisiende mtamboni Jumatatu. Kingoje mwezi mmoja. Samwel ataandika upya sura ya kwanza, na waanzilishi watatajwa kumi na wawili badala ya kumi na mmoja. Miche yote miwili itakaa rafu ya pili, bega kwa bega, na kila mmoja utaandikiwa karatasi yake. Anord aliondoka bila kumaliza chai. Alisema anaheshimu uamuzi, ila angependa mwakani ubao wa baba yake uwekewe kufuli lake.

Saa nane mchana ukumbi umebaki mtupu. Bi Mwana amevua viatu tena, anapiga deki. Blandina amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, kanga usoni. Maji kwenye ndoo yana povu jingi, na chumba chote kinanukia mawese na moshi. Mche mmoja wa beseni haukufika rafuni.

Mwezi Julai, akishastaafu, Bi Mwana atakwenda Ipogolo kukaa miezi miwili kwenye pipa la Blandina. Wameshapatana: atakoroga, atafunzwa. Akirudi atapikia Majengo, uani kwake, na mawese atayafuata Kyela mwenyewe. Ameshachukua fomu ya uanachama, Samwel alimpa leo, akamsaidia kuijaza mpaka mahali palipoandikwa "kitu cha biashara."

Anaonyesha nafasi tupu kwenye rafu ya chini, mlango wa nne, anayoifuta kila asubuhi ingawa haina kitu.

"Februari ijayo mwingine atasimama pale mlangoni na kitambaa," anasema. "Mimi nitakaa kwenye kiti kama wenzangu. Shida ni moja tu. Nimesema 'Alikuwepo' miaka yote hii, mdomo umezoea. Wakiita changu nisije nikajizika mwenyewe."

Anafunga kioo cha mwisho, anazungusha ufunguo. Jua limehamia upande wa pili, na kwenye kioo anajiona kati ya vitu vya watu, ushungi mweupe, sweta la bluu.

Anaangalia kama Blandina amelala kweli. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, analisema polepole kwa ukumbi mtupu.

"Nipo."